UZI: Mafaili ya mipangilio yako (.bashrc, .vimrc na wenzake) yaweke kwenye git, na wala huhitaji bando

#1 mgebuka_mkavu (mleta uzi), Kigoma

Wakuu habari za saa hizi.

Kuna kauli naiona humu kila ikitajwa git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili), lazima mtu mmoja aje na "hayo mambo waachieni watu wa Dar wenye faiba, sisi huku mwisho wa reli bando lenyewe la kupimiwa". Leo nataka tuimalize hiyo hoja. Git haina haja ya intaneti kabisa. Linus Torvalds alivyoianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, kila anayeichukua kodi (code ya programu) anaichukua na historia yake yote inakaa kwenye mashine yake mwenyewe, hizi GitHub na GitLab zimekuja baadae kama stoo tu. Unaweza ukakaa hapa Mwanga data umezima, ukakomiti (kuhifadhi hatua ya mabadiliko na ujumbe wake) asubuhi mchana jioni, na hakuna kitu utakosa.

Sasa ninachoongelea leo sio kodi za kazini, ni yale mafaili yanayoanza na nukta kwenye home yako. .bashrc, .vimrc, .gitconfig, .tmux.conf na yale yaliyojazana ndani ya ~/.config. Ukipiga ls ya kawaida huyaoni (Rob Pike aliwahi kueleza kwamba huko kufichika kulitokea tu kwa njia ya mkato, jamaa wa Unix walitaka ls iruke "." na ".." wakaandika iruke chochote kinachoanza na nukta, basi dunia nzima ikarithi) na kwa kuwa hayaonekani watu hawayahesabu kama mali. Laptop ikienda kupigwa OS upya mtu anakumbuka picha, dokumenti, miziki, afu siku mbili mbele anaanza kulalamika mbona terminali (dirisha la kuandikia komandi) imekuwa ngeni, aliasi (vifupisho vya komandi) zimekufa, vim (programu ya kuhariri maandishi) haimjui.

Na usije na ile ya "mimi nakopi kila kitu kwenye eksteno". Kopi inakupa hali ya siku uliyokopi, basi. Umeiharibu .bashrc Jumatatu bila kujua, Ijumaa umekopi juu ya ile ya zamani, hapo una .bashrc mbovu mbili. Afu hata ukiwa na makopi mengi yenye tarehe hakuna hata moja inayokwambia KWANINI ule mstari uliuweka. Mfano una mstari `export GDK_SCALE=2` humo ndani, ukikutana nao baada ya muda hujui ni wa nini na unaogopa kuutoa. Kwenye git unapiga `log -S GDK_SCALE` inakuletea komiti uliyouingiza na maneno yako mwenyewe, "maandishi madogo mno kwenye skrini mpya". Kwangu hiyo ndo faida kubwa kuliko hata bakapu, ila inataka uandike ujumbe wa maana, sio zile komiti za "update" "update tena" "update mwisho".

Njia ninayotumia haitaki kuinstoli kitu zaidi ya git yenyewe. Unatengeneza ripo (stoo ya git inayokaa historia) tupu pembeni afu unaiambia folda lako la kazi ni home:

```
git init --bare $HOME/.mip
alias mip='git --git-dir=$HOME/.mip --work-tree=$HOME'
mip config --local status.showUntrackedFiles no
```

Ule mstari wa aliasi uweke kwenye .bashrc usipotee. Na ule wa tatu usiuruke, bila huo kila ukipiga `mip status` inakumwagia kila kilichomo home, Downloads yote, picha za send-off za shangazi, kila kitu. Baada ya hapo ni kawaida tu, `mip add .bashrc .vimrc`, `mip commit`, unaendelea na maisha.

Tahadhari mbili na hizi ni za kushika kichwani. Usipige `mip add .` ukiwa home, itabeba mpaka funguo zako za ssh (za kuingilia mashine nyingine). Ukitaka kuongeza mabadiliko ya yale yaliyokwisha kuingia tumia `mip add -u`. Ya pili ndo mbaya zaidi, USIPIGE `mip clean -fd`. Kwenye ripo ya kawaida ile komandi inafagia mafaili yasiyofuatiliwa, sasa hapa yasiyofuatiliwa ni home yako nzima. Dokumenti zako zote kwa macho ya git ni takataka.

Kutoa nje ya mashine ndo hivi:

```
mip bundle create /media/$USER/FLASHI/mip.bundle --all
```

Inatoka faili moja yenye historia yote, na kwa kuwa ni faili moja haijali flashi yako ni FAT32 isiyojua linki (faili linaloelekeza tu kwenye faili jingine) wala ruhusa za Linux. Ukienda mashine nyingine unapiga `git clone --bare` kwenye hilo hilo faili kama vile ni seva. Ukiwa umeongeza vitu baadae unatengeneza jipya, kule unapiga `mip pull` ukitaja njia ya faili na jina la branchi (tawi la historia). Mafaili haya ni maandishi matupu, yamebanwa, flashi ya zamani kabisa ya GB 2 inakutosha.

Karibuni, mwenye swali au mwenye njia bora aweke hapa.

#2 asali_mbichi, Tabora

Bando hilo la git linapatikana kwa wakala gani mkuu 😂😂

Tuache utani, uzi mzuri sana ila mimi hiyo ya kugeuza home kuwa folda la kazi naiogopa, kwa sababu hiyo hiyo ya clean uliyoisema. Natumia GNU Stow. Mafaili yote yanakaa ndani ya folda moja la kawaida ~/mipangilio, kila programu na chumba chake, kuna vim/, bash/, tmux/, afu ukipiga `stow vim` ukiwa humo ndani inakutengenezea linki kule home. Git inaishia kwenye lile folda tu, hata ukiteleza mkono unaharibu folda moja. Na kompyuta ya ofisini hapa Isevya nikitaka bash na vim tu bila yale makorokoro mengine napiga stow kwenye hayo mawili, nimemaliza.

Shida yake niiseme ukweli, kuna programu zikisevu mipangilio haziandiki kwenye faili lile lile, zinaandika jipya pembeni afu zinalibadilisha jina kuja juu ya lile la zamani. Hapo linki inakufa kimya kimya, unabaki na faili halisi pale home na kule kwenye ripo linazeeka peke yake. Dawa ni `stow --adopt` inalivuta faili la home liingie kwenye ripo, afu unapiga git diff uone limebadilika nini kabla hujakomiti. Piga diff kweli, kwa sababu adopt inalala juu ya lile lililokuwepo kwenye ripo bila kukuuliza.

#3 mzee_wa_reli

Vijana mnapenda kujipa kazi. Mipangilio yangu naijua kwa kichwa.

Ila nina swali la kweli. Kwenye .bashrc yangu nimeweka nywila ya databesi ya ofisi ili nisiandike kila mara. Nikifuata haya maelekezo yenu na kesho nikaweka mtandaoni si nimejianika?

#4 mgebuka_mkavu

Shikamoo mzee, umejianika hata kabla ya git 😅

Nywila isikae kwenye faili linalofuatiliwa. Fanya hivi, mwisho wa .bashrc weka mstari mmoja:

`[ -f ~/.bashrc.hapa ] && . ~/.bashrc.hapa`

Hilo .bashrc.hapa ndo la siri na mambo ya mashine ile tu, haliingii git milele. Faida nyingine ni kwamba laptop na desktop zinaweza kutofautiana bila kugombana. Kwa .gitconfig kuna kitu kizuri zaidi, tangu Git 2.13 ya mwaka 2017 unaweza kuandika

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

basi ukiwa ndani ya folda la kazi inatumia barua pepe ya ofisi, ukitoka inarudi ya kwako.

Na kama siri imeshaingia kwenye komiti mzee wangu, kuifuta kwenye faili na kukomiti tena HAKUSAIDII. Ya zamani ipo kwenye historia na mtu yeyote akichukua ripo anaiona. Ukishaipeleka mahali watu wanafika cha kwanza kabisa ni kubadilisha nywila yenyewe, hayo ya kusafisha historia kwa git filter-repo yaje baadae. Watu wanaanza na kusafisha, wanahangaika, nywila bado ni ile ile.

Kingine ambacho watu hawakijui, git haikumbuki ruhusa za faili zaidi ya kuwa linaendeshwa au haliendeshwi. Ukiwa umeweka ~/.ssh/config ukaitoa kwenye mashine mpya, chmod 600 (wewe tu ndo usome na kuandika) ni juu yako. Funguo zenyewe usiziweke kabisa, kila mashine iwe na yake.

Flashi nayo inapotea, kwaiyo mwenye wasiwasi apige `gpg -c mip.bundle` (inalifunga faili kwa nywila) abebe ile ya .gpg tu.

#5 dada_fotokopi, Mwanga

Samahani wakuu naona mnaongea vitu vya waandika programu, mimi nina stationery hapa Mwanga, natype barua, CV, mihtasari ya vikao vya vijiji na hizi fomu za maombi ya ajira. Nina mashine mbili za Windows na natumia LibreOffice. Kero yangu ni moja, kila nikiandika Kakonko, Buhigwe, Mwandiga na majina ya kwetu yanapigwa mstari mwekundu, nimekuwa nayaongeza kwenye dikshonari moja moja, sasa mashine ya mbele inajua maneno mengi ile ya nyuma haijui kitu. Hii mada yenu inanihusu au nipite tu

#6 mgebuka_mkavu

Dada inakuhusu kuliko hata sisi, usipite.

Maneno yote unayoongeza yanakaa kwenye faili moja linaitwa standard.dic, kwa Windows lipo AppData\Roaming\LibreOffice\4\user\wordbook ndani ya folda la jina lako la mtumiaji. Ukilifungua na Notepad utaona mistari minne ya mwanzo ya utambulisho, ya mwisho wake ni vistari vitatu, afu maneno yako yanafuata kila moja na mstari wake. Ni maandishi matupu, git inalipenda sana faili la namna hiyo. Instoli Git for Windows (installer usipoteze MB zako, nitakuletea kwenye flashi nikipita kuskani), inakuja na Git Bash ndani, na zile komandi tatu za juu zinafanya kazi humo bila kubadilisha kitu kwa sababu home yake ni lile folda la jina lako. Flashi yako kama ni E basi kwenye Git Bash inaitwa /e.

Weka na faili .gitattributes pale home lenye mstari huu:

`*.dic merge=union`

Kazi yake ni kwamba mashine zote mbili zikiongeza maneno tofauti, git wakati wa kuunganisha inachukua ya huku na ya kule bila kukuuliza maswali. Kwa kodi hiyo ni hatari, kwa orodha ya maneno ndo inachotakiwa.

Ila usije ukaingiza folda zima la user la LibreOffice. Kuna faili linaitwa registrymodifications.xcu, humo wamechanganya mipangilio yako halisi na dirisha lilikuwa na upana gani na dokumenti gani ulifungua mwisho, yani kila ukifungua na kufunga linabadilika, historia yako itajaa uchafu. Na yale ya kusahihisha yenyewe, acor nini nini .dat, ni zip kwa ndani, git italitunza ila haitakuonyesha neno gani limeongezeka.

Kabla ya kuvuta maneno mapya funga LibreOffice kwanza, isije ikaandika ya kwake juu.

#7 mwaka_wa_pili

Mimi sina laptop bado kaka, nina Android na Termux (terminali ya kwenye simu). Nimejaribu aliasi kama nilivyoiona kwenye maelekezo mengine wameandika /usr/bin/git inaniambia hakuna faili kama hilo. Git ipo maana nimeinstoli na pkg.

#8 mgebuka_mkavu

Ndo maana juu nimeandika `git` tu mdogo wangu, sio njia nzima. Termux haina /usr/bin, vitu vyake vyote viko ndani ya /data/data/com.termux/files/usr. Toa hiyo njia itafanya kazi.

Ingiza na ~/.termux/termux.properties humo, ndo yenye vile vitufe vya ziada vya juu ya kibodi, ukishavipanga unavyotaka hutamani kuvipanga tena. Ukitaka kuitoa, piga `termux-setup-storage` kwanza, afu tengeneza bundle ndani ya ~/storage/shared, hapo unairusha kwa Xender au hata WhatsApp kama dokumenti. Ripo yenyewe usiihamishie kule kwenye storage ya pamoja, linki hazikubali na ruhusa ni vurugu.

#9 ujiji_kwetu

Naongeza kwa wenye desktop zisizo na UPS kama mimi. Umeme ukikata katikati ya kukomiti unaweza kuwasha ukakuta git inalia "object file ... is empty". Faili limetengenezwa jina ila maandishi hayakuwahi kufika kwenye diski. Kuanzia Git 2.36 kuna mpangilio wa `core.fsync`, ukiweka `git config --global core.fsync committed` inasubiri diski ikiri imeandika. Inakuwa nzito kidogo ila kwa ripo ya mafaili ya nukta hutaona tofauti.

Pia kwanini msitumie Syncthing tu? Simu na kompyuta zikiwa kwenye wifi moja zinapeana zenyewe, intaneti haihusiki, habari ya flashi inaisha.

#10 asali_mbichi

Syncthing ni nzuri kwa picha na dokumenti mkuu ila ikibeba lile folda la .git lenyewe wakati mashine zote mbili zinalitumia utaokota mafaili ya "sync-conflict" ndani ya matumbo ya git, na hapo kulirudisha ni kazi. Ukitaka Syncthing ibebe bundle, hapo sawa, ni faili moja limeshakamilika. Na Syncthing peke yake bila git inarudisha tatizo la #1, ukiharibu huku inapeleka uharibifu kule haraka sana 😂

Kuhusu umeme nakubali. Nimewasha hiyo fsync sasa hivi.

#11 mzee_wa_reli

Nimetoa nywila nimeweka kwenye .hapa. Sijasema mko sahihi. Hizo chezmoi na yadm ninazoziona watu wanazisifu mnaonaje?

#12 mgebuka_mkavu

Marahaba zetu tunazipokea hivyo hivyo mzee 😄

yadm ni git ile ile imevalishwa kanzu, yani inafanya hii ya ripo tupu na home afu inaongeza uwezo wa faili tofauti kwa kila aina ya mashine na kufunga siri kwa gpg. chezmoi ni kitu kizito zaidi, mafaili yanakuwa violezo inayajaza kutegemea ni mashine gani. Mwenye seva nyingi na mifumo tofauti atafaidi. Kwa mtu wa mashine mbili naona ni kujifunza lugha nyingine ili uhifadhi .vimrc, maoni yangu lakini.

#13 dada_fotokopi, Mwanga

Kaka nashukuru kwa installer, mashine ya mbele imekubali yote. Ya nyuma nimefanya clone kutoka kwenye flashi, nikapiga mip checkout imegoma, inasema kuna mafaili yatafutwa na checkout, inataja standard.dic. Sijagusa kitu nimeiacha hivyo hivyo

#14 mgebuka_mkavu

Umefanya vizuri kuiacha. Haijaharibika, inakataa kulala juu ya dikshonari iliyokuwepo kwenye hiyo mashine. Funga LibreOffice, ingia kwenye lile folda la wordbook kwa Git Bash afu:

```
mv standard.dic zamani.dic
mip checkout
tail -n +5 zamani.dic >> standard.dic
```

Huo wa mwisho unaruka ile mistari minne ya utambulisho unachukua maneno tu unayaongeza chini. Kama checkout itataja na faili jingine lihamishe pembeni vile vile. Rudia na ile komandi ya showUntrackedFiles kwenye hiyo mashine ya nyuma, kwa sababu mpangilio huo ni wa mashine, hausafiri na bundle. Afu `mip diff` uone kilichoongezeka, ukiridhika `mip add -u`, komiti, tengeneza bundle jipya urudishe mbele.

#15 dada_fotokopi, Mwanga

Imekubali!! Kakonko haina mstari mwekundu tena mashine zote.

Ila hiyo mip diff imenionyesha kitu, kwenye dikshonari ya nyuma kijana wangu alikuwa ameongeza "Buhingwe", kwaiyo ile mashine siku zote ilikuwa inakubali Buhingwe inakataa Buhigwe 🙈 nimeifuta, nimekomiti "Buhigwe haina n".

#16 asali_mbichi, Tabora

Na barua zilizokwisha kwenda halmashauri je

#17 dada_fotokopi, Mwanga

Hizo hazipo kwenye git kaka tusizitafute